Safu ya Mbele, Salmeja

Tangu mwezi wa nne, karatasi yenye majina ya miji mitatu ya pwani ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji. Casilda Barrientos ndiye aliyeibandika, kwa mwandiko mkubwa ili mama yake asipate kisingizio cha miwani. Kila asubuhi Bi Obdulia alifungua friji, akatoa maziwa, akafunga, na karatasi hata asiitupie jicho.

"Chagua wewe, mwanangu," alisema kila alipoulizwa. "Bahari ni bahari. Kote maji ni ya chumvi."

Lakini Casilda hakutaka kuchagua. Kwa miaka miwili sasa, tangu baba yake, Fermín, alipozikwa, yeye ndiye aliyechagua kila kitu katika nyumba ile ya Valladolid: mapazia, mboga, siku ya kwenda kwa daktari wa goti. Majira ya baridi yote alimnyanyua mama yake kwapani kila Jumamosi kumtoa kwenye bafu, kwa sababu ya goti hilo hilo, mpaka mikono yake ikaujua uzito wa mama kama mwenye duka la unga anavyoijua kilo. Hayo hakuyalalamikia. Lililomtia hofu lilitokea mwezi wa tatu. Bi Obdulia aliligawa koti lake la baridi. Alimpa jirani wa ghorofa ya chini, bila kuombwa, akarudi juu akakaa dirishani. Na mtu wa Valladolid akigawa koti lake, si kwamba amesahau baridi ya mji ule. Ni kwamba haoni kama baridi ijayo inamhusu.

Usiku huo Casilda alilia kidogo, akanawa uso, akaazimia jambo moja: mwaka huu mama atachagua mwenyewe mji wa likizo. Hata akichagua mji mbaya. Kwani mtu anayechagua pa kwenda mwezi wa nane ni mtu anayetarajia kuuona mwezi wa nane. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, amemaliza masomo ya ualimu mwaka uliotangulia, na bado aliamini kwamba jambo likipangwa kwa moyo safi, dunia nayo hulipa heshima yake.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita walitoka na gari dogo kwenda kuikagua ile miji. Kwenye buti kulikuwa na mwavuli wa ufukweni, begi moja, na kiti cha kukunja cha mama, cha turubai ya mistari ya kijani, ambacho marehemu Fermín alikiandika mgongoni kwa kalamu nene: OBDULIA, VALLADOLID. Kila familia huandika viti vyake. Mwezi wa nane, ufukweni, kiti kisicho na jina ni yatima.

Mji wa kwanza ulikuwa na majumba marefu yaliyosimama kando ya maji kama watu waliopanga foleni, na muziki ukitoka kila mlango.

"Unaonaje, mama?"

"Sawa tu."

"Sawa tu ya ndiyo au sawa tu ya hapana?"

"Sawa tu ya sawa tu. Usinichoshe."

Mji wa pili ulikuwa mweupe, mzuri, na wote ulikuwa ngazi. Bi Obdulia alipanda kumi na mbili, akashika ukuta, akatazama juu kulikobaki. "Mji huu umejengwa na mbuzi," alisema. Casilda alicheka mpaka akasimama, kwa maana ulikuwa mzaha wa kwanza tangu msiba. Lakini alipomuuliza kama wauchague, mama alishusha macho: "Chagua wewe."

Salmeja waliufikia Jumamosi saa tisa na nusu mchana, saa ambayo Mhispania yeyote mwenye akili yuko mezani au kitandani. Vibanda vya barabara ya pwani vilikuwa vimeshusha turubai zao. Jua lilikuwa kali, halina huruma, na mahali popote hapakuwa na kivuli kirefu kuliko kiganja. Ufukwe ulikuwa mtupu. Si mtupu kabisa: karibu na maji, kutoka miamba ya kushoto mpaka gati dogo la kulia, ilikuwepo safu moja ya viti. Viti hamsini, labda sitini, kila kimoja chini ya mwavuli wake, vyote vimeelekea baharini. Vingine vilikuwa vya zamani sana, vya mikanda ya plastiki, mabomba yameota kutu.

Casilda hakushangaa kuviona. Huo ndio mtindo wa pwani ile yote: watu huteremka alfajiri, wakachomeka mwavuli na kupanga viti mstari wa kwanza, kisha hurudi kulala, na viti vinawashikia nafasi. Kuna miji ambayo askari hupita wakavikusanya kwenye lori. Lakini kati ya watu wenyewe sheria ni moja, nayo haijaandikwa popote: kiti cha mtu hakiguswi.

Kilichomshangaza ni mama. Bi Obdulia alikuwa ameshuka garini bila kusaidiwa, ameshika ukuta mfupi wa barabara, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyevua viatu vinavyombana.

"Hapa," alisema.

"Hapa nini, mama?"

"Tuje hapa. Ona walivyotulia."

Casilda alitazama alikotazama mama yake. Upepo haukuwepo. Viti vilikuwa vimetulia, kweli, kama viti. Lakini yeye alikuwa amelisikia neno alilolingoja miaka miwili, na furaha humziba mtu macho kuliko vumbi.

Bi Práxedes, mwenye nyumba ya kupangisha, aliwapokea na kitambaa cha jikoni begani. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mashuani.

"Karibuni, karibuni! Nyumba ni hii, roshani ile, bahari ile pale, sikuiweka mimi kwa hiyo siidai. Laleni leo muijaribu. Mkiipenda, nipeni jibu kesho kabla ya chakula cha mchana, maana mwezi wa nane haungoji mtu."

"Ile safu ya mbele ni ya hoteli?" aliuliza Casilda pale roshanini.

Bi Práxedes aliifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Ile ni ya wageni wa zamani. Hawamsumbui mtu."

"Wanakuja saa ngapi? Sijamwona hata mmoja."

"Ah, binti, huku watu wana saa zao. Je, mama anakula samaki?"

Mama alikula samaki. Alikula wadogo wa kuchoma kwa mkono, akapangusa mafuta ya sahani kwa mkate, akaomba supu baridi ya nyanya mara ya pili. Casilda alimwangalia kwa shukrani. Alipojilaza alijiambia kwamba kesho atamfanyia mama yake lile ambalo baba alilifanya kila kiangazi: atawahi alfajiri, ampatie nafasi ya mbele kabisa, miguu karibu na maji.

Basi alfajiri aliteremka, kiti kwapani, mwavuli begani. Mbingu ilikuwa ya rangi ya samaki mbichi. Watu kumi hivi walikuwa tayari mchangani wakichomeka miavuli yao, lakini wote katika safu ya pili, hatua nne nyuma ya ile ya mbele, ingawa kule mbele palikuwa na pengo safi la kiti kimoja, kama jino lililong'oka. Casilda alilishukuru pengo lile. Alikikunjua kiti cha mama, akakikandamiza mchangani, akachomeka mwavuli. Ndipo alipoona kwamba turubai za viti vya jirani, kulia na kushoto, zilikuwa zimebonyea katikati. Umande, alijiambia. Umande na uzee.

"Umepata mbele," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa mzee mwembamba, kaptura imepigwa pasi, kofia ya majani kichwani. Alikuwa ameshika mwavuli wa bluu.

"Nimebahatika, bwana."

Mzee akavua kofia. "Pole sana, binti. Ni nani wako?"

"Ni mama."

"Mungu amlaze mahali pema. Amelala muda mrefu?"

"Tangu saa nne usiku," Casilda alijibu akicheka. "Yuko hapo juu kwa Bi Práxedes. Saa tatu nitamwamsha aje aketi."

Mwavuli wa bluu ulimponyoka mzee ukaanguka. Kwenye safu ya pili mazungumzo yalikatika, mtu mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazozimwa chumba kwa chumba.

"Mama yako yu hai," alisema mzee.

"Yu hai, ndiyo! Maneno gani haya asubuhi?"

"Na hicho kiti kina jina lake?"

"Kina jina lake."

"Ewe binti wa watu," alisema mzee polepole, "umefanya nini?"

Jina lake lilikuwa Belarmino, mtu wa Zaragoza, na huo ulikuwa mwaka wake wa thelathini na moja wa kuja Salmeja. Alimweleza kwa sauti ya chini, macho kwenye mchanga, kama mtu anayesema siri ya familia mbele ya mgeni. Safu ya pili ni ya wanaokuja likizo. Safu ya mbele ni ya waliokuwa wakija. Wa kwanza aliwekewa kiti na wanawe zamani, kiangazi kilichofuata mazishi, kwa heshima tu. Nafasi ilikuwa yake, nani angeichukua? Mwaka uliofuata wengine wakafanya vivyo hivyo. Na kiti cha mtu hakiguswi. Hivyo vimebaki.

"Wanakuja saa za mchana, tukienda kula," alisema Belarmino. "Wanakaa. Yule wa mwavuli huu wa bluu ni mke wangu, Adoración. Ngozi yake ni nyepesi, sipendi aungue."

Casilda alitaka kucheka, ila mzee alikuwa akimwinamishia mwavuli mke wake kwa uangalifu ambao hauchekwi.

"Kuna mwingine aliyekosea kama mimi?"

"Mmoja. Mtu wa Teruel. Alimwekea mkewe nafasi hapa, mke mwenyewe yuko hotelini anajipaka mafuta. Hatukumwahi. Mke aliteremka, akaketi, akasema 'Pazuri hapa.' Akaendelea kukaa. Mume anamletea magazeti kila mwezi wa saba." Alivaa kofia. "Na mimi nisikudanganye, binti. Nilidhani ninamheshimu Adoración. Sasa watoto wangu wananiita twende milimani, twende visiwani. Siwezi. Nimeshaweka kiti."

"Basi nakiondoa," alisema Casilda. "Nimekiweka mimi, nakiondoa mimi."

"Hakiguswi. Aliyewekewa ndiye mwenyewe."

Lakini Casilda alikuwa msomi, na msomi huamini mkono wake. Alikishika kiti kwa chini, mikono miwili, akanyanyua. Kiti cha turubai na mabomba ya alumini, kitu ambacho juzi alikitupa kwenye buti kwa vidole viwili. Hakikuinuka. Alikaza mgongo. Kiti kikapanda kidogo, upana wa kidole, na hapo damu yake ikasimama, kwa sababu uzito ule aliujua. Si wa mchanga, si wa maji. Ulikuwa uzito wa Jumamosi, wa bafuni, ukilalia zaidi upande wa kushoto kwa ajili ya goti.

Akaachia. Akakimbia.

Bi Obdulia alikuwa amekaa kitandani anajisugua chini ya mabega. "Ni wewe uliyenivuta kwapani?" aliuliza. "Umeniumiza. Mtu anaamshwa hivyo?"

Casilda alipiga magoti mbele yake akamweleza yote, bila kupunguza. Alitegemea mama acheke, au aogope, au amwambie aache upuuzi. Bi Obdulia alisikiliza akizifunga nywele zake.

"Kwa hiyo umenipatia nafasi nzuri," alisema.

"Mama!"

"Niliwaona jana, mwanangu. Tulipofika."

"Uliona viti."

"Wewe uliona viti. Mimi niliona watu wametulia. Kwa hiyo kwenye macho bado ninakushinda."

Casilda aliona haya kuuliza, akauliza. "Na baba? Yupo?"

"Hayupo. Nilimtafuta toka kule kwenye miamba mpaka kwenye gati. Angekaaje? Hakuwahi kufika hapa, na kule mbele alikuwa akinishikia nafasi mimi tu; mchanga wa pale ulikuwa ukimuudhi." Alisema bila machozi, kama mtu anayetaja duka lililofungwa.

"Kama hayupo, unataka kwenda kukaa na nani pale?"

Bi Obdulia alifikiri. "Na watu ambao hawaniulizi kama nimekula," alisema.

Neno hilo lilimwingia Casilda kama mwiba wa samaki, likakaa. Angetaka kumfungia mama mlango, amtie garini, aendeshe mpaka Valladolid bila kusimama. Lakini alikwenda jikoni kwanza, na jikoni Bi Práxedes alikuwa anamenya viazi vya kimanda huku macho yamemvimba.

"Ningekuambia jana," alisema Bi Práxedes. "Nilijua nikikuambia hamtapanga. Nisamehe. Sasa sikiliza: ukimwondoa Salmeja kwa nguvu, kiti kinabaki, na kiti kikibaki nafasi yake imebaki. Mtakaa Valladolid, lakini atakuwa huku. Umewahi kumwona mtu wa namna hiyo?"

Casilda alikuwa amemwona. Alikuwa amekaa naye meza moja miaka miwili.

"Akiondoe mwenyewe," aliendelea Bi Práxedes, "kwa mikono yake, kabla watu hawajatoka ufukweni kwenda kula. Kengele ya kanisa ya kuita watu wale hupigwa saa nane, mara nane. Na usimshike, binti. Hata mkono. Ukimvuta wewe, ni wewe uliyechagua."

Asubuhi ile ilipita haraka na polepole kwa pamoja. Bi Obdulia alioga peke yake, akavaa gauni lake la kuogelea la bluu nzito na shati juu, akakaa roshanini akitazama chini. Ufukwe ulijaa: watoto, mipira, matikiti, akina mama wakipaka watu mafuta kwa nguvu. Safu ya mbele peke yake haikuwa na mtu, na watoto walikimbilia majini wakipita kati ya viti bila kuvigusa, kama maji yanavyopita kati ya mawe. Kiti cha mistari ya kijani kilionekana toka mbali. Kila Casilda alipokitazama, turubai ilikuwa imebonyea zaidi kidogo.

Saa nane kasoro robo mama alisimama. "Nakwenda," alisema.

Walikwenda pamoja, Casilda nyuma hatua moja, mikono ameifunga mgongoni. Walipofika mchangani, watu wa safu ya pili walikuwa wamesimama wote kimya, taulo mabegani, kama wanavyosimama msafara wa kanisa unapopita. Belarmino alikuwa ameshika kofia kifuani. Hakuna aliyekuwa amefungasha vitu vyake.

Bi Obdulia alifika kwenye kiti chake, akaweka kiganja mgongoni mwa kiti, pale penye jina. Casilda aliona vinyweleo vya mkono wa mama vikisimama katika joto lile. Kiti cha kushoto kililia, mlio mdogo wa bomba, kikasogea. Kilisogea kumpa mtu nafasi ya miguu. Taulo iliyokuwa imening'inia juu yake, taulo yenye rangi iliyofifia ya hoteli ambayo hata haipo tena, ilijikunja pembe moja, taratibu, kama inavyokunjwa na mwenyeji mwenye adabu.

"Asante," Bi Obdulia alimwambia ambaye Casilda hakumwona.

Casilda alikuwa amejiandalia maneno. Alitaka kusema juu ya daktari, na dawa mpya, na hewa ya bahari. Alifungua kinywa, na maneno hayo yote yakawa ya mtu anayeuliza kama mama amekula.

"Mama," alisema, "naogopa."

Bi Obdulia hakugeuka.

"Nimechoka kuchagua. Sijui kuchagua. Mkate ninaonunua ni ule aliokuwa akinunua baba, nawe huupendi, hukuwahi kuupenda, na bado nanunua kwa sababu sijui mwingine. Mapazia yale ni mabaya. Kila asubuhi nasimama nje ya mlango wako nisikilize kama unapumua, kisha naingia na maziwa nikitabasamu kama mjinga. Simtaki mgonjwa wa kumtunza. Namtaka mama yangu. Nataka nikugombeze unigombeze. Lakini sitakushika. Ukitaka kukaa, kaa. Nitakuja kila mwaka nikukalie nyuma."

Kule juu kamba ya kengele ilikwaruza, kisha ikalia mara moja.

"Miaka miwili," alisema Bi Obdulia, "hujaniambia hata siku moja kwamba unaogopa."

"Nilidhani nitakuumiza."

"Nami nilidhani nimekuwa mzigo tu. Mtu aliye mzigo, binti yangu, jambo la heshima ni kujitua."

Kengele ilikuwa imefika ya nne. Safu yote ya mbele ilianza kulia, mabomba na turubai, toka miamba kuja gati, kama ukumbi ambamo watu wanaketi. Hapakuwa na upepo. Bi Obdulia alitazama kushoto, akatazama kulia, akamwinamishia kichwa kila mmoja wa majirani wale, kwa heshima, jinsi mtu anavyoaga kwenye nyumba aliyokirimiwa.

"Casilda."

"Naam, mama."

"Sogea. Umenizibia njia."

Alikishika kiti kwa chini, mikono miwili, akavuta. Hakikutoka. Goti lilimtetemeka. Casilda alijiuma mkono wake mwenyewe ili asiunyooshe. Bi Obdulia alishusha pumzi, akatoa tusi la Kikastilia, la kwao Valladolid, ambalo bintiye hakujua kama mama analijua, akatanua miguu, akavuta tena kwa mgongo mzima, kama mtu anayejinyanyua mwenyewe. Mchanga ulitoa sauti ya kunyonya. Kiti kikatoka, chepesi ghafla, naye akarudi nyuma hatua tatu, akayumba, akasimama.

Kengele ya nane.

Katika safu ya pili hakuna aliyepiga kofi. Walianza kuokota mifuko yao na kuondoka kimya. Belarmino peke yake alibaki, akiwatazama kwa macho ya mtu anayetazama treni kutoka nje ya stesheni.

"Nendeni," alisema. "Msigeuke, si vizuri."

Hawakugeuka. Lakini masikio hayana kope, na Casilda alisikia nyuma yao viti vikikokotwa mchangani, kimoja baada ya kingine, vikisogeleana kuliziba lile pengo.

Jibu walimpa Bi Práxedes mlangoni. "Hapana," alisema Bi Obdulia mwenyewe, "ila kimanda chako nakichukua." Bi Práxedes alimfungia chote, na mikate miwili, akambusu mashavu yote mawili, akalia waziwazi.

Ndani ya gari mama aling'ang'ania kukipakata kiti badala ya kukitia kwenye buti. Alipopandisha mikono ya shati kwa sababu ya joto, Casilda aliona nyuma ya mikono ile, toka kiwiko mpaka begani, alama nyekundu za mistari, kama za mtu aliyeegemea turubai tangu alfajiri. Mama naye aliziona, akazisugua kwa kidole gumba.

"Zitatoka?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Basi tutaona."

Nje ya Salmeja barabara iliwaleta kwenye mzunguko mkubwa wenye njia tano. Kibao cha njia moja kiliandikwa Valladolid na Madrid. Nyingine zilikuwa na majina ya miji ya pwani ambayo Casilda hakuwahi kuyasikia, wala hayakuwa kwenye karatasi yoyote. Aliingia kwenye mzunguko.

"Wapi?" aliuliza.

"Chagua w..." mama alianza, kisha akaitafuta miwani yake.

Casilda akazunguka mara ya kwanza. Akazunguka mara ya pili. Lori lililokuwa nyuma yao lilipiga honi, na dereva akatoa mkono dirishani kuwauliza kama wamefiwa na akili.

"Anatutukana," alisema Casilda.

"Mwache azunguke, petroli ni yake. Ninasoma." Bi Obdulia alikuwa amevaa miwani, kiti kifuani, anavisoma vibao kimoja kimoja, midomo ikichezacheza. Walizunguka mara ya tatu. Magari manne sasa yalikuwa yakipiga honi kwa pamoja, jua limejaa kioo chote cha mbele, na Casilda alishika usukani na kungoja.

"Ile," alisema mama, akinyoosha kidole. "Hapana. Ile ya baadaye. Ile, ile! Kata sasa, mtoto wewe, utaipita!"

Casilda akakata.